Somo wa Binti Aliye Mama

Soma kwanza: Luka 1:39-56

Katika Kiswahili cha pwani neno somo lina kazi zaidi ya moja. Ni mafundisho yanayosomwa darasani au kanisani. Ni mtu tunayefanana naye jina. Tena ni yule mwanamke mtu mzima aliyekabidhiwa mwali ili amfunde, amsimamie, na awe mtu wa kuendewa mwali apatapo shida, hata baada ya kuolewa. Mwezi huu twataka kuzungumza habari za huyo wa tatu. Katika mitaa ya Dar es Salaam, Manzese, Tandale, Kigogo, Buguruni, Vingunguti na Mbagala, wako mabinti wengi wenye watoto migongoni ambao hawana somo. Na katika makanisa yetu wako akina mama wengi wenye umri, maarifa na nafasi ambao hawana mwali.

Tusianze kwa kusikitika, tuanze kwa hesabu. Utafiti wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, wasichana 22 walikuwa wamekwisha kuzaa au kupata mimba. Katika utafiti wa 2015-16 walikuwa 27. Hesabu imeshuka, nasi twashukuru. Ni kweli pia kwamba mijini hesabu ni ndogo kuliko vijijini. Lakini binti wa mjini ana upweke wake. Kule kijijini, hata kama baba amekasirika, yuko bibi, yuko shangazi, iko nyumba ya tatu au ya nne ambayo mlango wake haufungwi. Mjini familia nzima inapanga chumba kimoja chenye pazia katikati, mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita, mama ametoka alfajiri kwenda kununua samaki Feri, na jirani wa mkono wa kulia alihamia juzi tu. Mimba ikijulikana, binti huambiwa aende kwa aliyempa. Naye aliyempa amekwisha kuhama.

Wako wanaosema mambo haya yote ni tamaa ya wasichana wa siku hizi, simu na mavazi. Sisi hatukubaliani nao, walau si kwa urahisi huo. Mwanafunzi wa sekondari anayekaa Mbagala na kusoma mbali na kwao huamka usiku, husimama kituoni akiona daladala zikimpita kwa sababu konda hataki nauli ya mwanafunzi, na kila siku huadhibiwa kwa kuchelewa. Akitokea kijana wa bodaboda kumpeleka bure mwezi mzima, je, huyo binti amenunuliwa kwa tamaa au kwa nauli? Mwingine hana pedi za hedhi, mwingine hana fedha za chakula cha mchana. Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa tangu 2016, lakini sare, viatu, daftari na nauli havikuondolewa. Mwanamume mwenye shilingi elfu mbili mfukoni anajua vizuri mahali pa kuzitumia.

Hapa tuseme wazi jambo ambalo katika vikao vya familia hupitishwa chini chini. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1998, mwanamume anayelala na msichana aliye chini ya miaka 18, asiye mke wake, amebaka, hata kama msichana alikubali. Na tangu Sheria ya Elimu ilipofanyiwa mabadiliko mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi hukabiliwa na kifungo cha miaka 30. Lakini mara nyingi wazee hukaa, soda huletwa, fedha kidogo hutolewa, na mambo hutangazwa kuwa yamekwisha. Yamekwisha kwa nani? Binti hakuulizwa. Somo hana budi kujua mambo haya, wala asikubali kuwa shahidi wa vikao vya namna hiyo. Katika vituo vya polisi liko Dawati la Jinsia na Watoto, na iko simu ya bure ya kuwasaidia watoto, namba 116.

Sasa turudi kwenye Injili tuliyosoma. Mariamu amepata habari nzito, naye bado hajakaa na mumewe. Luka anatuambia kwamba aliondoka kwa haraka kwenda nchi ya vilima, kwenye nyumba ya mwanamke aliyemzidi umri sana. Tutazame alivyopokelewa. Elisabeti hakuanza na maswali. Hakuuliza ni ya nani, wala wazazi wamesema nini, wala watu wa Nazareti watasemaje. Alimsalimu kwa furaha, naye akambariki yeye na mtoto aliye tumboni. Na mara baada ya kusalimiwa hivyo, Mariamu akapata sauti ya kusema, akasema maneno ambayo Kanisa huyaimba kila jioni hadi leo. Halafu Luka anaongeza jambo dogo ambalo wahubiri wengi hulipita mbio: Mariamu alikaa huko kama miezi mitatu. Hakutembelewa kwa saa moja akapigwa picha akipewa kanga na sabuni. Miezi mitatu ni kupika pamoja, kuchota maji pamoja, na kuona kwa macho jinsi mwanamke mwingine anavyobeba mimba yake.

Wala jambo la Kanisa kuwa na masomo wa mabinti si geni katika nchi yetu. Wazee waliotoka Masasi wanamkumbuka katika masimulizi Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza dayosisi ile tangu 1926 hadi 1944. Yeye hakufuta jando na unyago, bali alijaribu kuyatia ndani ya maisha ya Kanisa, yaliyo mabaya yakiondolewa na yaliyo mema yakibarikiwa. Wengine walimpinga, na hata leo wako wasiopendezwa. Sisi tunaona alielewa jambo moja ambalo miji yetu imelisahau, yaani kwamba msichana hafundwi na hotuba. Hufundwa na mtu. Leo mjini unyago umebaki kwa wengi kuwa shughuli ya ngoma, sare na kutunzana fedha usiku mmoja, na kesho yake somo hajulikani aliko.

Basi ni nani afaaye? Si lazima awe msomi. Si lazima awe mwenye fedha, na pengine mwenye fedha nyingi hafai, kwa kuwa atageuzwa kuwa benki. Anayefaa ni mwanamke anayeweza kufunga mdomo wake. Mambo aliyoambiwa chumbani Kigogo yasisikike Jumapili nje ya kanisa baada ya Misa. Anayefaa ni yule atakayekwenda siku aliyosema atakwenda, kwa sababu binti huyu amekwisha kuahidiwa mengi na watu wasiorudi. Twashauri somo mmoja awe na mwali mmoja, au wawili kwa wingi, kwa muda usiopungua miaka miwili. Na wazazi au walezi wa binti wajue na wakubali. Siri ina mpaka wake pia. Binti akisema kwamba anapigwa, au kwamba anayemwingilia yumo ndani ya nyumba ile ile, hapo somo hanyamazi, bali anatafuta msaada kwa afisa ustawi wa jamii au kwenye lile dawati tulilolitaja. Na tangu siku ya kwanza amwambie binti kwamba mambo ya namna hiyo hatayafunika.

Jambo dogo la adabu: mwite kwa jina lake. Msichana wa miaka 16 akishazaa, mtaa mzima humwita mama fulani, kwa jina la mtoto. Wako wanaolipenda jina hilo, nao huona ni heshima. Wako pia ambao kila wakiitwa hivyo husikia kwamba wao wenyewe wamekwisha kufutwa. Muulize anapenda aitweje.

Kazi ya kwanza ni kliniki. Wasichana wengi huficha mimba hadi mwezi wa tano au wa sita, hujifunga kanga tumboni, na wengine hunywa madawa ya kienyeji ambayo yaweza kuwaua. Mimba ya kwanza katika umri mdogo ina hatari zake. Kifafa cha mimba huwapata zaidi wasichana wadogo, na nyonga ambazo hazijakomaa huweza kumfanya apate uchungu wa siku mbili au tatu bila mtoto kutoka, na hapo ndipo fistula hutokea. Kwa hiyo binti ahudhurie kliniki kabla ya wiki ya 12 kama inawezekana, na Shirika la Afya Duniani tangu 2016 limeshauri mahudhurio yasiyopungua manane. Somo amsindikize mara ya kwanza, maana yale macho ya foleni huwafukuza wengi kuliko tunavyodhani, na si kila mhudumu ana ulimi mtamu. Ajifunze pamoja naye dalili za hatari: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana, kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, homa, mtoto kuacha kucheza tumboni. Dalili hizi hazingoji kesho. Na ikiwa yuko binti ambaye tangu kujifungua anavuja mkojo na kwa ajili hiyo amejifungia ndani, ajue kwamba hajalogwa. Hospitali ya CCBRT hapa Dar es Salaam hutibu fistula bila malipo.

Habari za kumlea mtoto mchanga akina mama wetu wanazijua, hatuna haja ya kuzirefusha. Maziwa ya mama peke yake miezi sita, bila maji wala uji, chanjo kwa wakati, kadi isipotee. Ila tukumbushe kwamba mwenye kufundishwa kumwogesha mtoto ni binti mwenyewe. Bibi akimnyang'anya mtoto kila anapolia, binti hubaki kama dada wa mtoto wake. Tena somo azungumze naye mapema juu ya uzazi wa mpango. Wengine watasema twawafundisha dhambi. Sisi twasema kwamba huyu tayari ni mama, na wataalamu hushauri ipite miaka miwili tangu kujifungua kabla ya mimba nyingine. Ikija ya pili akiwa na miaka 17, mlango wa shule huwa mgumu mara mbili.

Na shule ndilo jambo tunalotaka kulikazia. Kwa miaka mingi binti aliyeonekana na mimba alifukuzwa. Kanuni za 2002 zilitumika kumwondoa, na mwaka 2017 Rais mwenyewe alitilia mkazo hadharani kwamba hatarudi. Tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilitangaza mabadiliko, ukatoka Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unaoruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, pamoja na waliojifungua, kurudi katika shule za kawaida. Ni ajabu jinsi habari hii isivyojulikana uswahilini. Wako wazazi ambao hadi leo wanaamini kwamba akishazaa mambo yamekwisha, na binti naye anaamini hivyo kwa sababu hakuna aliyemwambia vingine.

Somo ampeleke kwa mwalimu mkuu, si kumtuma. Kama shule ile ile ina maneno mengi, waulize habari za kuhamia nyingine. Hata hivyo tusidanganyane kwamba waraka unatosha. Waraka haumbebi mtoto. Kabla binti hajarudi darasani, maswali yanayotakiwa kujibiwa ni haya: mtoto atakaa na nani kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi jioni? Huyo atakayekaa naye atalipwa nini? Mtoto akiumwa, nani atamwomba ruhusa mwalimu? Mama akijifunza kukamua maziwa na kuyaacha katika chombo safi chenye mfuniko, mtoto akalishwa kwa kikombe, hilo nalo ni msaada. Hapo ndipo parokia inapoweza kufanya jambo ambalo Wizara haiwezi. Majengo yetu ya shule ya Jumapili hukaa wazi siku sita. Akina mama wanne wakipeana zamu, watoto watano hupata mahali pa kulala mchana, na mabinti watano hukaa darasani.

Kwa asiyeweza shule ya mchana ziko njia nyingine. Upo Mtihani wa Maarifa, ambao wengi huuita QT, kwa anayesoma nje ya mfumo. Akifaulu aweza kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Viko vyuo vya ufundi kama VETA Chang'ombe. Na viko Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa 1975, ambavyo leo ni 54. Vya karibu nasi viko Kisarawe na Kibaha. Katika miaka hii vyuo hivyo vimepokea wasichana waliozaa chini ya mpango uitwao Elimu Haina Mwisho, wakasoma sekondari na ufundi, huku watoto wao wakitunzwa pale pale. Inafaa somo aende akaulize mwenyewe nafasi na masharti, arudi na majibu yaliyoandikwa.

Juu ya fedha tuseme machache. Kila mfadhili hutaka kuwafundisha mabinti hawa kushona na kusuka, na katika mtaa mmoja unaweza kukuta vyerehani sita vinagombania magauni mawili. Kabla ya cherehani, kaa na binti muhesabu: unga kilo ngapi, mafuta kiasi gani, mkaa shilingi ngapi, vitumbua vingapi vimetoka, vingapi vimelala. Wengi huuza mwezi mzima bila kujua kwamba wanakula mtaji. Ahimizwe kuingia mchezo mdogo wa kijumbe anayeaminika, akae mbali na ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, iliyosimamishwa 2023 na kuanza tena 2024, ni nzuri, lakini ni ya vikundi vya watu wazima. Msichana wa miaka 16 haimhusu.

Baba wa mtoto asisahauliwe. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, na afisa ustawi wa jamii aweza kumwita baba, au mahakama ikaamuru atoe matunzo. Lakini kumdai matunzo si sawa na kumlazimisha binti aolewe naye. Ndoa ya haraka ya kuficha aibu tumeiona inavyokwisha. Tukumbuke kwamba Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, ziliona kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba.

Tunafika sasa mahali pagumu, nyumbani mwetu wenyewe. Katika parokia nyingi binti aliyezaa nje ya ndoa huzuiliwa Meza ya Bwana, hutolewa katika kwaya, na mtoto wake hubatizwa siku ya kazi kana kwamba ni siri. Kijana aliyempa mimba, kama ni wa parokia hiyo hiyo, huendelea kupiga gitaa. Hatusemi kwamba Kanisa lisiwe na marudi. Twauliza tu ni marudi ya namna gani yanayompata mmoja kwa sababu tumbo lake linaonekana, na kumwacha mwingine kwa sababu lake halionekani. Na kama binti alikuwa na miaka 15 na mwanamume ana 30, twamrudi nani, na kwa kosa gani? Mapadre na wazee wa kanisa wangefanya vema kulitazama jambo hili kabla ya kuwaomba akina mama wawe masomo, maana binti hawezi kushikwa mkono na mama yule yule ambaye Jumapili anamtazama akirudishwa nyuma ya kanisa.

Tena wako wasichana ambao hatuhitaji kupanda daladala kuwatafuta. Wamo majumbani mwetu. Wametoka Dodoma, Singida, Iringa na Morogoro wakiwa na miaka 14 au 15 kuja kutulelea watoto ili sisi tuweze kuhudhuria mikutano. Akionekana ana mimba, hupewa nauli ya basi na mfuko wake, na mara nyingine hakuna anayeuliza mimba hiyo ilipatikana wapi ikiwa msichana mwenyewe hatoki getini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwachisha mwanamke kazi kwa sababu ya mimba, na inatoa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, nayo haimtoi mfanyakazi wa ndani katika hesabu. Parokia ikitaka kuanza kazi hii bila fedha na bila mfadhili, ianze na hao: Jumapili wapewe nafasi ya kuja kanisani kama washarika, si kama wabeba watoto, wakutane baada ya Misa, kila mmoja apate mama ambaye si mwajiri wake.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi:

Katika mtaa unaokaa, ni mabinti wangapi chini ya miaka 19 wana watoto? Taja majina yao moyoni, si kwa sauti.

Binti akija leo mlangoni pako kama Mariamu alivyofika kwa Elisabeti, swali lako la kwanza lingekuwa lipi?

Chumba gani cha kanisa letu hukaa kimefungwa kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na ufunguo anao nani?

Msichana anayekusaidia kazi nyumbani ana umri gani, alisoma hadi darasa la ngapi, na ni lini mara ya mwisho alipozungumza na mama yake?